Butembo mpaka Beni kwa Piki-piki, bila Haraka



Toka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54. Njia ile ni sehemu ya barabara ya taifa namba 2, na karibu kila mtu wa masomo yetu amekwisha kuipita. Mmoja alikwenda kilio, mwingine alikwenda kwa mjomba kutafuta feza za masomo, mwingine kwao ni Beni na anapita pale kila mwanzo na mwisho wa trimesta. Lakini tukimwuliza ameona nini njiani, jibu ni moja tu: vumbi. Wakati wa mvua jibu linageuka kuwa potopoto. Basi, yeye alikaa nyuma ya taximan, macho yamefungwa, kichwa kimefichwa mgongoni mwa mwenzake, akingoja mwisho wa mateso. Amepita inchi yake sawa na gunia la viazi.

Kwa hiyo tumeona vema kueleza namna ya kufanya safari hii kwa piki-piki bila haraka, kwa kutembea tu na kutazama. Tumeipita mara nyingi, wakati wa jua na wakati wa mvua, na tunajua ya kwamba mtu asiyekimbia anapata masomo mengi pale: jiografia, fizikia, kilimo, hata historia.

Kule Uingereza iko desturi ambayo watu wa kwetu wataicheka. Siku ya Mungu mchana, au siku ya mapumziko, mtu anatoa piki-piki yake, pengine Triumph au BSA ya zamani aliyoipangusa juma zima, anapita njia ndogo za mashamba katikati ya nyua za miti, anasimama pahali kunywa chai, anarudi nyumbani. Hakupeleka mzigo. Hakuenda soko wala kilio. Ameunguza esanse bure! Kwetu Butembo, mtu akifanya hivi, bibi yake ataita wazee. Lakini tusicheke upesi. Mtu yule anajua kila kilima cha inchi yake, kila kanisa la zamani, kila daraja. Sisi tunaopita njia zetu kila siku kwa kazi, tunajua bei ya safari tu.

Kwetu piki-piki ni chombo cha kazi, na haikuwa ya kila mtu. Wazee wetu wanasimulia ya kwamba zamani mwenye piki-piki alijulikana mbali kwa sauti tu: ni agronome, au padri, au pasta, au mkaguzi wa masomo. Zilikuwa Yamaha na Honda za Japani, ngumu, na mwenyewe hakumpa mtu mwingine aiendeshe. Nyuma ya miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Wafanyabiashara wa Butembo walikwenda kununua bidhaa mbali, Dubai na China, na piki-piki za bei ndogo zikaanza kuingia kwa wingi: TVS na Bajaj za India, Senke za China. Zinafika kwa meli mpaka Mombasa, zinavuka Kenya na Uganda, zinaingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi, kilometa 80 toka Beni, kiisha zinapanda mpaka Butembo. Kwa hiyo ile piki-piki inayokupeleka Beni leo inarudi kwa njia iliyoijia ilipokuwa mpya! Jambo lingine la kuangalia ni hili: Uganda magari yanapita upande wa kushoto, kwetu upande wa kuume. Pale Kasindi kila shofere analazimika kugeuza upande, na ole wake aliyesahau.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Mwenye kwenda kilometa 60 kwa saa, asiposimama hata mara moja, anamaliza kilometa 54 kwa dakika 54. Mwenye kwenda 30 kwa saa anatumia saa moja na dakika 48. Faida yote ya mbio ni dakika 54, na kwa njia ya mashimo hata hizo hazipatikani zote. Anayefika kwanza anazitumia namna gani? Tumeangalia: anakaa chini ya mwembe, anapangusa vumbi, anasimulia namna alivyokimbia.

Na bei ya dakika hizo ni nini? Mwalimu wa fizikia ametufundisha ya kwamba nguvu iliyo ndani ya kitu kinachokwenda inaongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukizidisha mwendo mara 2, nguvu inazidi mara 4. Tufanye mfano. Mbuzi anaruka njiani. Mtu anahitaji karibu sekunde moja kuona, kufahamu na kukamata breki. Kwa kilometa 30 kwa saa, katika sekunde ile piki-piki imekwisha kwenda meta 8; kiisha, juu ya udongo mkavu, inahitaji karibu meta 7 kusimama. Jumla 15. Kwa 60, inakwenda meta 17 mbele ya breki kushika, na meta 28 nyuma ya breki kushika. Jumla 45. Mbuzi aliye meta 20 mbele yako, wa kwanza anamwona akivuka na kumtukana. Wa pili anampiga angali na mwendo mkubwa. Na juu ya udongo mwekundu uliolowa, ule unaong'aa sawa na sabuni, hesabu ya breki inazidi mara mbili au zaidi. Yehu wa Biblia alijulikana kwa mbio ya gari lake. Butembo tunaona wajukuu wake wengi, lakini Yehu alivutwa na farasi, na farasi ana macho yake mwenyewe.

Mbele ya kuondoka, tengeneza chombo. Tazama pine zote mbili, usizikanyage tu kwa mguu, zipime. Tazama mnyororo: ukiusukuma kwa kidole katikati, ucheze santimeta 2 mpaka 3, ukiwa mrefu sana utaruka meno kwenye mpando, ukikazwa sana utakatika. Tazama breki, taa na honi. Esanse haina shida: piki-piki ndogo ya santimeta mraba-tatu 125, ikienda pole pole, inatosheka na lita moja na nusu mpaka Beni. Watu ni wawili, si watatu. Tunajua desturi ya watatu hata wanne, tunaiona kila asubuhi mlangoni mwa masomo, lakini piki-piki haikufanywa kwa mzigo ule: uzito wote unakwenda nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na usukani hausikii tena.

Kichwani, kaske. Wote wawili! Mara nyingi taximan anayo moja, anaitundika kwenye usukani kwa ajili ya polisi, na abiria hana. Kaske iliyofunga usukani inalinda usukani.

Jambo la mwisho ni nguo. Butembo iko karibu meta 1 750 juu ya bahari, na asubuhi kuna baridi. Upepo wa mwendo unazidisha baridi hiyo, kwa maana unaondoa ile hewa ya moto inayozunguka mwili. Wazee wa piki-piki walikuwa na dawa: gazeti lililokunjwa na kutiwa ndani ya kabuti, juu ya kifua. Karatasi inazuia upepo. Hata kurasa hizi, nyuma ya kuzisoma, zinafaa kwa kazi ile.

Basi tunaondoka saa mbili ya asubuhi, ukungu ukiisha kupanda. Butembo yenyewe ni mji wa milima na mabonde. Ulianza kukua wakati wa kampuni ya dhahabu iliyoitwa Minière des Grands Lacs, toka mwisho wa miaka ya 1920. Ukapata cheo cha mji pamoja na Beni mwaka wa 2003. Kwa kutoka, usifungue mwendo bado. Hapa ndipo tunakutana na chukudu, lile baiskeli la mbao lisilo na pedali, limebeba mbao, viazi, makaa, ndizi. Mtazame vizuri mwenye chukudu anapoteremka: mguu wake mmoja unakanyaga kipande cha mpira wa pine kilichowekwa juu ya gurudumu la nyuma. Ile ndiyo breki yake. Hakanyagi kwa nguvu mwisho wa mteremko; anakanyaga kidogo kidogo toka juu. Tutamkumbuka pale Kabasha.

Nyumba zikipungua, miti inaanza. Mingi ni mikalitusi, ambayo asili yake ni Australia. Inakomaa upesi, na mbao na makaa ya Butembo yanatoka humo kwa sehemu kubwa. Lakini inakunywa maji sana, na wakulima wanajua ya kwamba maharagi hayapendi kukaa karibu nayo. Chini ya miti ni mashamba ya maharagi, viazi, vitunguu, mahindi, na kahawa ya arabika, ile inayopenda baridi ya milima. Pembeni ya njia mabibi wanauza maracuja na ndizi. Hapa mwenye haraka anapiga honi na kuwafunika kwa vumbi. Mwenye kutembea anapunguza mwendo, anasema wavukire, anajibiwa. Ni jambo dogo, lakini pine yako ikitoboka nyuma ya kilometa moja, utaona tofauti kati ya mtu aliyesalimu na mtu aliyemwaga vumbi.

Njia inapita Maboya. Hapa hatuwezi kuandika juu ya kutembea bila haraka na kunyamaza juu ya jambo ambalo kila msomaji analiwaza. Toka mwezi wa kumi 2014 mauaji makubwa yalianza pande za Beni, na jamaa nyingi za wanafunzi wetu ziliacha mashamba yao. Tarehe 6 mwezi wa tano 2021 hali ya kuzingirwa ilianza kutumika kwa jimbo letu la Kivu ya Kaskazini pamoja na Ituri. Na hapa Maboya, usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 mwezi wa kumi 2022, wenye silaha walishambulia, wakaunguza hospitali, watu wakafa, kati yao mtawa aliyekuwa mganga. Ukipita pale, punguza sauti ya moteri. Sisi tunafanya hivyo.

Hofu hiyo imezaa desturi mpya: watu wanasema mbio ni dawa. Taximan akifika pahali panaposemwa ni pabaya, anafungua moteri mpaka mwisho, na abiria anamshukuru. Tunafahamu. Hakuna mtu atakayemlaumu mwenye kukimbia kifo. Lakini tulitaka kusema neno moja. Mbio ile haibaki pahali pabaya peke yake. Inakuwa desturi ya njia nzima, hata mbele ya masomo, hata sokoni, hata saa sita ya mchana katikati ya watoto, na watu wanaumia na kufa pahali ambapo hapakuwa na adui. Njia ambayo kweli inaomba mbio juu ya hofu, ile si njia ya kutembea. Mtu wa kutembea anaahirisha. Mbele ya kuondoka tunauliza kwa parkingi ya taximoto, tunapigia simu ndugu walio upande wa pili, tunasikiliza redio. Habari za jana hazitoshi kwa leo. Tunapita mchana, kati ya saa mbili ya asubuhi na saa tisa. Na wakisema njia haiko vizuri, tunabaki nyumbani na kupangusa piki-piki, sawa na wale Waingereza.

Kuna mambo ambayo hofu imetunyima. Toka Beni njia nyingine inakwenda Mutwanga, chini kabisa ya mlima Ruwenzori. Pale ndipo watu walipoanzia kupanda mlima upande wetu wa Kongo. Leo wako wanafunzi wa Beni wenye miaka 17 ambao wameuona mlima ule toka uani mwao tangu utoto, lakini hawajaukaribia hata siku moja.

Nyuma ya Maboya tunafika Kabasha, na hapa ndipo safari yote ilipo. Inchi inavunjika. Milima ya Butembo inakwisha, na njia inateremka kwa kona nyingi kuelekea inchi ya chini na ya joto. Simama kwanza juu. Zima moteri. Asubuhi, kama mvua ilinyesha usiku na kusafisha hewa, unaweza kuona upande wa mashariki bonde kubwa la Semliki, na nyuma yake Ruwenzori, ambao kilele chake Margherita kina meta 5 109. Ni mlima wa tatu kwa urefu katika Afrika, nyuma ya Kilimanjaro na Kenya. Mwana-mfalme mmoja wa Italia, Duke wa Abruzzi, alifika kilele mwaka wa 1906 pamoja na wenzake. Barafu waliyoikuta imepungua sana toka siku zile, kwa sababu ya joto la dunia. Bonde lile kwa sehemu kubwa ni la Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, ya kwanza katika Afrika nzima kuitwa hifadhi ya taifa.

Na tazama maji. Mvua inayoanguka upande wa mashariki inateremka Semliki, inaingia ziwa Albert, inakuwa Nili, inapita Sudani na Misri, inafika bahari ya Mediterania. Mvua inayoanguka upande wa magharibi inaingia mito ya pori la Ituri, inakuwa mto Kongo, inaishia Atlantika. Sisi tunakaa kwenye mgongo unaogawanya mito mikubwa miwili ya Afrika. Mawingu mamoja, na pengine kilima kimoja, lakini tone moja linakwenda Misri na lingine linakwenda Matadi! Mtu aliyefunga macho nyuma ya taximan hakujua ya kwamba alipita karibu na pahali kama hapo.

Sasa kuteremka. Wako wanaozima moteri wakaacha piki-piki iteremke bure, kwa kuponya esanse kidogo. Tafazali, wanafunzi wenzetu, mwone mtu akifanya hivyo na wewe uko nyuma, mwambie awashe au ushuke. Tutaeleza sababu. Toka Butembo mpaka Beni, ambayo iko karibu meta 1 150 juu ya bahari, tunashuka meta 600. Piki-piki na watu wawili ni kilo 240 hivi. Nguvu ya uzito huo kushuka meta 600 ni karibu julu milioni moja na elfu mia nne. Nguvu haipotei, ni lazima iende pahali. Ingetosha kuchemsha lita 4 za maji toka ubaridi mpaka kuchemka. Upepo na njia vinachukua sehemu. Na inayobaki, ukizima moteri, inaingia yote kwenye breki. Breki za piki-piki zetu nyingi ni za ngoma, chuma kidogo kilichofungwa ndani, hewa haiingii vizuri. Kinapata moto, ngozi ya breki inalainika, na kona ya tano unakanyaga lakini hakuna kitu kinachoshika.

Dawa ni vitesi. Tia ya pili mbele ya mteremko kuanza, si katikati, na uache moteri ikamate. Ikiwa na vitesi ndogo, moteri inazuia gurudumu kwa kazi ya kuvuta hewa ndani ya silinda, na moto unatoka kwa mapezi yake, mahali palipotengenezwa kwa kutoa moto. Breki zibaki za kusaidia: zikamate, ziachilie, zikamate, sawa na yule ndugu wa chukudu. Ya mbele usiifinye kwa ghafula juu ya changarawe. Na kwenye kona kaa upande wako wa kuume, kwa maana lori la Kasindi likipanda linachukua njia nzima na haliombi ruhusa.

Hapo katikati ya mteremko jambo la ajabu linatokea, na ni kwa piki-piki tu linasikika. Ndani ya gari lililofungwa vioo hulijui. Hewa inageuka. Kila meta 100 za kushuka joto linaongezeka zaidi ya nusu digrii, kwa hiyo meta 600 ni karibu digrii 4. Unafungua kabuti. Harufu nayo inageuka: moshi wa mikalitusi unakwisha, inakuja harufu ya udongo wa moto na mawese. Mwenye akili atauliza pia juu ya maharagi. Butembo, kwa ajili ya urefu, maji yanachemka kwa digrii 94 hivi. Beni ni digrii 96. Kwa hiyo chungu cha maharagi kinakawia zaidi Butembo, na mpishi wa internati hana kosa lolote. (Tumeandika hili kwa ombi lake.)

Chini, mimea ni mingine. Michikichi, mihogo, nanasi, mapapai, na kakao chini ya miti ya kivuli. Kakao ina historia yake. Zamani pande za Beni kahawa ya robusta ilikuwa mali ya kila jamaa, lakini ugonjwa wa kunyausha mikahawa uliingia, na miaka ya 1990 mashamba mengi yalikufa, mti unakauka wote umesimama. Wakulima wengi wakapanda kakao pahali pake. Utaisikia kwa pua mbele ya kuiona: mbegu zinakaa siku tano au sita ndani ya sanduku au chini ya majani ya ndizi, zinachacha, zinatoa harufu kali ya siki, kiisha zinaanikwa juani juu ya turubai mbele ya nyumba. Bila kuchacha, mbegu haina ladha ya chokoleti hata kidogo. Simama, uliza, wenyewe wanapenda kueleza, lakini usizikanyage!

Mwaka wa 2018 mpaka 2020 njia hii ilikuwa na bariyeri za namna nyingine. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 pale Mangina, magharibi ya Beni, ukaingia Beni, Butembo na Katwa, ukatangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3 470 waliupata, na 2 287 walikufa. Wakubwa kati yetu wanakumbuka: kila msafiri alishuka kwenye piki-piki, akanawa mikono kwa maji ya dawa, akapimwa joto kwenye paji la uso. Wengi waliudhika juu ya kucheleweshwa. Ugonjwa ulitembea njia moja na biashara, mara nyingi nyuma ya piki-piki, mgonjwa amekaa katikati ya ndugu yake na taximan. Na chanjo nayo ilitembea vilevile nyuma ya piki-piki.

Tunaingia Beni saa sita, saa nne toka tulipoondoka, maana tulisimama mara nyingi. Shuka upande wa kushoto. Tunasisitiza: upande wa kushoto, kwa maana bomba la moshi liko kuume na lina moto wa kuunguza ngozi kwa sekunde moja. Angalieni miguu ya wanafunzi siku ya mchezo: wengi wana kovu moja, pahali pamoja, upande wa ndani wa mguu wa kuume. Ni muhuri wa taximoto. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kiisha funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, wala mafuta ya kupikia, wala udongo. Vinafungia moto ndani na kuleta usaha.

Kula chakula cha Beni bila aibu: sombe iliyopikwa na mawese, na samaki wa ziwa Edward kama amefika. Acha moteri ipoe, gusa ngoma ya breki kwa maji kidogo kwanza, usiiguse kwa kidole. Kaza mnyororo.

Kwa kurudi, ujue ya kwamba ni kupanda zile meta 600, kwa hiyo tia esanse lita mbili, si moja na nusu. Ondoka Beni mbele ya saa nane. Mvua ya kwetu inapenda kuanguka nyuma ya mchana, na Kabasha ikilowa inapandwa kwa vitesi ya kwanza, abiria anatembea kwa miguu nyuma, viatu mkononi. Vaa tena kabuti pale juu ya mteremko, mbele ya baridi kukushika. Jua linashuka karibu saa kumi na mbili ya jioni, kwetu karibu na ikweta halibadiliki sana mwaka mzima, na giza halingojei mtu.